Siku 8 wodini na mama, na mfamasia aliyetoka dirishani

Nyota 4 kati ya 5. Jina la hospitali nalihifadhi, maana kuna karatasi moja ya aibu humu ndani. Ni Tanga, wodi ya wanawake.

Mama ana miaka 71, kisukari na presha, safari hii kidonda cha mguu. Mimi nilizoea mfamasia ni mkono unaotokea dirishani na bahasha. Huyu alikuja hadi kitandani, saa tatu asubuhi, pamoja na nesi wa zamu. "Shikamoo bibi. Naomba nione dawa zote unazotumia nyumbani, hata za kienyeji." Nikatumwa nyumbani kuufuata mfuko. Wakaumwaga juu ya shuka: metformin na glibenclamide za sukari, losartan ya presha, unga wa mlonge, na diclofenac ambazo mama alikuwa akijinunulia duka la dawa kwa ajili ya magoti, na wala hajawahi kuniambia! Mfamasia akasema diclofenac juu ya losartan, kwa mzee mwenye kisukari, inaziumiza figo. Nesi akafungua chati: tangu jana mkojo wa bibi ni kidogo. Wakatazamana, wakamwita daktari. Damu ya kupima figo ikachukuliwa asubuhi ileile, diclofenac ikapigwa marufuku, na glibenclamide nayo ikasimamishwa, mama akawekwa kwenye insulini.

Sasa ile karatasi. Usiku wa tatu daktari aliandika dozi ya insulini: 6 na herufi U, yaani yuniti, ikiwa imeganda ubavuni mwake. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yanaishi kwenye namba za futi, na niliposoma niliona 60 kabisa. Nesi, binti mdogo tu, alishashika bomba la sindano. Hakuvuta dawa. Akampigia mfamasia wa usiku, akaja na kandambili zake, wakamwamsha daktari, ikaandikwa upya: "yuniti 6". Nesi akavuta, mfamasia akaisoma sindano kwa sauti, ndipo mama akachomwa. Sukari ingeshuka kiasi gani kwa 60, sitaki hata kufikiria. Mama alikoroma, mimi sikulala.

Ukutani kuna bango la Siku ya Usalama wa Mgonjwa, 17 Septemba 2022, mwaka ambao mada yake ilikuwa usalama wa dawa. Limepauka. Asubuhi chini yake palibandikwa karatasi ya mkono: ANDIKA YUNITI KWA NENO ZIMA.

Nyota niliyoizuia ni ya Jumapili. Siku hiyo mfamasia hapandi wodini, nesi mmoja anakimbizana na wodi nzima, na antibiotiki ya saa sita mchana tukaipata saa tisa. Foleni ya dirishani siku ya kuruhusiwa nayo ilitula saa mbili na nusu.

Lakini kuruhusiwa kwenyewe walikufanya vizuri. Bahasha zilikuwa na zile 1x2 ambazo mama hazimwambii kitu, basi nesi akachora jua na mwezi kwa kalamu nyekundu, na mfamasia akamtaka mama aeleze mwenyewe atakunywa nini lini. Akakosea losartan. Wakamrudisha mwanzo, bila kumcheka.

"Na magoti yangu je, mwanangu?"

Akapewa paracetamol. Hadi leo analalamika kwamba haina nguvu.