Asubuhi na Mama Ndani ya Nyumba ya Opera ya Kifalme, Maskati

Kwa miaka mingi nilipita mbele ya Nyumba ya Opera ya Kifalme, hapa Shati Al-Qurum, nikiyatazama mawe yake meupe kutoka barabarani bila kuuvuka mlango. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Maskati akiwa msichana, alikuwa akisema kwamba jengo lile ni la wageni wa serikali na watu wanaojua Kitaliano, lugha ya opera nyingi, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa. Hivi karibuni nilimchukua tukaenda ziara ya asubuhi, na haya nayaandika kwa ajili ya wenzetu wanaosita kama tulivyosita sisi.

Ukumbi wa kuingilia, wenye marumaru, ngazi pana na mbao zilizochongwa, unapendeza sana, lakini picha zake zimeshasambaa kila mahali, kwa hiyo sitakaa hapo. Inatosha kusema kwamba Sultani Qaboos bin Said aliagiza nyumba hii ijengwe mwaka 2001, ikafunguliwa Oktoba 2011 kwa opera ya Turandot iliyoongozwa na Plácido Domingo.

Kilichonishangaza kimo ndani ya ukumbi wenyewe, unaochukua watu wapatao 1,100. Nilidhani jukwaa ni jukwaa tu, kumbe hili hubadilika umbo. Opera huhitaji nafasi kubwa nyuma na juu ya jukwaa kwa ajili ya mandhari yanayoshushwa na kupandishwa, na wapigaji hukaa shimoni, mbele ya waimbaji. Orkestra inapopiga peke yake hukaa juu ya jukwaa, na nafasi ileile ikiachwa wazi sauti hupotelea huko juu kabla haijawafikia wasikilizaji. Kwa sababu hiyo kuta na dari za mbao husogezwa mbele juu ya reli, pamoja na kinanda cha mabomba 4,542 kilichotengenezwa na kampuni ya Klais ya Ujerumani, mpaka jukwaa linakuwa chumba kilichofungwa pande zote isipokuwa upande wa watu. Nilisimama kwa muda mrefu nikilifikiria jambo hilo, kwani mafundi wamekubali kulihamisha jengo ndani ya jengo ili mpigaji fidla asikike hadi roshani ya juu.

Mama alikuwa akiangalia kitu kingine. Mgongoni mwa kila kiti kuna kiwambo kidogo, naye akauliza ni cha nini. Kijana aliyekuwa akituongoza, aliyekwisha kumwamkia kwa shikamoo baada ya kusikia lafudhi yetu, alimweleza kwamba usiku wa onyesho maneno yanayoimbwa hupita hapo kwa Kiarabu au Kiingereza, kila mtu akichagua lugha yake.

“Kwa hivyo nitasoma wanachokiimba?”

“Ndiyo, bibi. Mstari kwa mstari.”

Mama hajui Kitaliano, lakini Kiarabu anakisoma vizuri tangu chuoni. Zaidi ya hayo, amekulia kwenye taarabu, na kwa watu wa taarabu sauti nzuri isiyoeleweka maneno ni nusu ya starehe. Msikilizaji hungoja ubeti, huupima, na ukimgusa huinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Alikuwa ameikataa opera kwa sababu alijua angekaa saa tatu akisikia sauti bila kupata neno. Kiwambo kile, ambacho mimi nilikipita bila kukitazama, ndicho kilichomfanya akae kitini na kuanza kuuliza juu ya tikiti.

Anayetaka kwenda na aende asubuhi, avae nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, na asiharakishwe na watoto. Mwenye nafasi na avuke pia hadi Nyumba ya Kifalme ya Sanaa za Muziki, jengo jirani lililofunguliwa mwaka 2019. Ila ziara ya asubuhi huonyesha ukumbi ukiwa kimya, na mimi ninaihesabu kuwa ni maandalizi ya usiku wa onyesho.

Tulipofika nje mama aliniambia nimtafutie kiti cha chini, karibu na njia, na kwamba atakuja na miwani yake ya kusomea. Tikiti mbili nimeshazikata.