Mashine ya kidole dukani: uzoefu wangu hapa Tanga

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani na stoo Mabawa, nina vijana wa kupakia, jamaa wa guta, dada wa hesabu na mlinzi. Kilichonisukuma kununua mashine ya kidole ni daftari la mahudhurio, mana daftari wote twalijua, mtu yuko Pongwe kwa shemeji yake ila sahihi yake ipo pale saa moja na nusu asubuhi, mwenzie kamsainia. Nikachukua ile ndogo ya kufunga ukutani inayosoma kidole tu, laki mbili na ushee, brandi siitaji, fundi akaniuzia na kitasa cha sumaku cha mlango wa stoo humo humo.

Kwenye mahudhurio kiukweli sina neno. Mtu anaweka kidole, mashine inasema "thenkyu" kwa sauti ya kike, vijana wameshaibatiza Bi Thenkyu, ukichelewa wanakwambia Bi Thenkyu kakuona. Mwisho wa mwezi nachomeka flashi, natoa faili la Ekseli na masaa yote ya kila mtu, ugomvi wa siku za kazi umeisha kabisa, hata yule aliyekuwa mbishi kuliko wote sasa akiona karatasi ananyamaza.

Shida ikaanza kwa watu wa simenti. Bi Thenkyu anawakataa. Kijana anaweka kidole mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, foleni nyuma yake imejaa na wote wana haraka, mwishowe ananifata "bosi, mashine haintaki". Nikawa naangalia vidole vyenyewe kwa karibu, ncha zimekuwa laini zinang'aa kama zimepigwa msasa, ile mistari huioni mpaka uelekeze kwenye jua. Simenti ikikutana na jasho ina ukali wake, inakula ngozi taratibu, na huyo mtu mfuko anaubebea vidole kutwa nzima. Mashine hizi huwa haziweki picha ya kidole chako zikalinganisha picha kwa picha, zinatafuta sehemu ambazo mstari wa ngozi umekatika au umegawanyika njia mbili, zinapima zimekaaje, alafu zinageuza kuwa namba. Sasa mistari ikishafutika itapima nini?

Fundi alivyoitwa, dawa yake ilikuwa kuingia kwenye menyu na kulegeza ukali wa usomaji. Hapo nilimkatalia. Ukilegeza ni kweli itawakubali hao wenye vidole vilivyoisha ila itaanza pia kumkubali Juma kwa jina la Hamisi, ukikaza inawakataa wenyewe, hizo mbili zinavutana na hakuna mashine iliyokwepa hilo, hata za bei mbaya. Kilichosaidia ni kitu kingine ambacho fundi hata hakukitaja: kila kijana nimempa namba, anabonyeza namba yake kwanza ndo anaweka kidole. Mashine inaacha kutafuta kwenye vidole vya watu wote, inauliza swali dogo tu, je huyu ni mwenye namba hii au sie. Hapo hata ukilegeza kidogo hatari ni ndogo. Na ndo mana kwa wakala wa laini unataja namba ya NIDA kwanza alafu kidole baadae. Wale wa usajili wa laini kwa alama za vidole mnakumbuka, ulianza Mei 1, 2019 na mwisho ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, wazee wetu walivyokuwa wanapanguswa vidole na kitambaa kibichi, kile cha kulia kimegoma haya lete cha kushoto, mwingine anarudi nyumbani na simu yake mkononi haijasajiliwa. Kwa iyo ukisajili watu wako chukua vidole viwili au vitatu kwa kila mtu, mikono yote, na kidole gumba msikisahau.

Dada wa hesabu nae alikuwa na lake. Alitoka kwenye harusi ya mdogo wake amepakwa hina mpaka kwenye ncha za vidole, na piko juu yake, mashine ikamgomea mpaka rangi ilipoanza kupauka. Tulicheka ila ndo ilinifanya nifikirie ile ya kusoma sura. Sasa sura nayo kwake haifai, anavaa nikabu, hawezi kila asubuhi akaifunua barazani mbele ya vijana wa kupakia. Baadae nikaongeza mashine ya sura kwa ajili ya watu wa stoo, hiyo inawasoma hata na vumbi usoni, baraghashia haina shida, yeye nikamuachia kidole. Muuzaji akikwambia sura ndo kila kitu mwambie kwetu hapa haiko hivyo.

Sasa kitasa cha sumaku, hapa nataka mnisikilize vizuri. Hiyo sumaku inashika kwa umeme. Umeme ukikatika inaachia, na imetengenezwa hivyo makusudi ili moto ukitokea watu watoke. Yani usiku TANESCO ikikata na huna betri, mlango wa stoo uko wazi na simenti yote ndani, na huyo fundi aliyenifungia alikuwa anaondoka bila kuniwekea betri wala kunitajia habari hiyo, mpaka nilipozima swichi kuu mbele yake mlango ukafunguka wenyewe akaanza kukuna kichwa. Vipo vitasa vingine ambavyo umeme ukikata vinabaki vimefunga, ulizia hivyo kama unalinda mali. La pili, hizi mashine za bei ya chini waya za kufungulia mlango zinaingia ndani ya mashine yenyewe, na mashine iko nje ukutani, mtu mwenye bisibisi anayejua anachofanya hahitaji kidole cha mtu yeyote. La tatu, ikiwa mpya haina msimamizi, yeyote anabonyeza menyu anajisajili, sajili msimamizi kabla fundi hajaondoka.

Ndo mana mimi nasema hii kitu inajua sana kusema nani kaja, kulinda ni habari nyingine. Mlango mkubwa wa stoo nimerudisha kufuli na funguo mbili, moja ninayo mimi.

Jambo la mwisho ni hizo taarifa zenyewe. Nywila ikiibiwa unabadilisha, kidole utabadilisha na nini? Marekani mwaka 2015 ofisi yao ya watumishi wa serikali iliibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6, na wale vidole vyao ni hivyo hivyo mpaka leo. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 1, 2023, alama za mwili zimo kwenye taarifa nyeti, na anayekusanya anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenye maduka wengi hatuna habari hiyo. Fundi alitaka kuniunganishia mashine kwenye intaneti ili niangalie kwa simu nikiwa Dar, nikamuuliza hivyo vidole vya vijana wangu vitakaa kwenye seva ya nani, akasema ya kampuni, kampuni gani, hajui. Flashi inanitosha. Na kijana akiacha kazi namfuta kwenye mashine siku hiyo hiyo mbele yake, anaona jina linatoka.

Kidole naipa saba kwa kumi, sura naipa nane, kitasa cha sumaku naipa tatu na hizo tatu ni kwa sababu kinafaa mlango kama wa ofisini ambao hauna cha kuiba.