Uzoefu wangu: wakili aliyeniambia nisije mahakamani

Mwaka jana nililipa wakili mmoja wa Mbeya mjini shilingi milioni mbili na nusu. Nampa nyota moja, na hiyo ni ya hati ya madai, maana aliiandika vizuri.

Mfanyabiashara alichukua viazi vyangu na vya kaka yangu, Fuso nne kutoka Isongole, akabakiza deni la milioni 41. Kwa kuwa anaishi mjini, tukafungua shauri mahakama ya wilaya hukohuko. Tarehe tatu za mwanzo wakili alifika. Ya nne akanitumia ujumbe jioni: "Mzee wangu, kesho usijisumbue, ni kutajwa tu." Nilikuwa katikati ya kuvuna, nikabaki shambani. Siku ya kutajwa kwa kawaida huangaliwa tu shauri limefikia wapi na kupangwa tarehe nyingine. Kumbe siku ile ilikuwa ya kusikilizwa, yaani ya ushahidi. Mdaiwa alikuwepo na wakili wake, upande wetu hapakuwa na mtu. Shauri likafutwa.

Hakimu hakutuonea. Amri ya Tisa ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inasema hivyo: mdai asipotokea na mdaiwa yupo anapinga dai, shauri linafutwa. Ningekuwepo mwenyewe, hata bila wakili, ningesimama nikaomba ahirisho.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakili wangu alikaa kimya wiki tatu. Maombi ya kurejesha shauri yana ukomo wa siku 30. Nilipopata habari, tena kwa karani, zilibaki siku tisa.

Nikakimbilia kwa wakili mwingine, mama mmoja pale Mwanjelwa. Hakunificha kitu. Alisema Mahakama ya Rufani imeshaeleza mara nyingi kuwa uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha, na mwenye kesi ana wajibu wa kufuatilia shauri lake. Kama yule wakili wa kwanza angekuwa ameitwa mahakama ya juu siku hiyo, tungeambatisha wito wake kama sababu ya kutofika. Hakuwa na wito wowote. Kilichotusaidia ni ule ujumbe, ambao sikuufuta, tukauweka kwenye hati ya kiapo, na kwamba tuliwahi ndani ya muda. Shauri likarejeshwa, ila tukaamriwa kumlipa mdaiwa gharama za usumbufu, laki tatu. Zimetoka mfukoni kwangu.

Wakili wa kwanza amekataa kurudisha hata senti. Nimepeleka malalamiko Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kamati inaweza kumwonya, kumsimamisha kazi kwa muda, au kumwondoa kabisa kwenye orodha ya mawakili. Simwombei njaa. Nataka aulizwe, na ajibu kwa maandishi, kwa sababu naamini kuna wajane na wazee wengine walioambiwa "ni kutajwa tu".

Ukitaka wakili, kwanza angalia kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Halafu kila shauri linapoahirishwa, muulize karani mwenyewe: tarehe gani, na ni kutajwa au kusikilizwa? Mimi naandika kwenye daftari la mauzo ya viazi.

Tarehe yetu ijayo ni ya kusikilizwa. Mimi na kaka tutapanda gari la alfajiri kutoka Isongole, wakili awepo asiwepo.