Aironi za urefu mmoja: achana na namba 7, omba upewe namba 5

Ujumbe wa wasomaji kuhusu aironi za urefu mmoja, yaani fimbo za gofu za kichwa cha chuma, umekuwa mwingi, na karibu wote wana lalamiko lile lile. Afande mmoja anayecheza Entebbe kila Jumamosi ndiye aliyelieleza vizuri kuliko wengine: "Dada, nilijaribu namba 7, ikaruka safi kabisa, nikalipia seti nzima. Sasa namba 5 na namba 6 zinaangukia mahali pamoja." Namba ndogo hutakiwa kupeleka mpira mbali zaidi, na hapa haipeleki. Afande hakurogwa. Alipewa ajaribu fimbo ambayo haina cha kumwambia.

Nitalishikilia hilo leo. Ulaini wa gripi (mshikio wa fimbo), rangi ya kichwa na sauti ya mpira vitasomwa kwingine.

Katika seti ya kawaida kila aironi ni fupi kwa nusu inchi kuliko iliyoitangulia, na kichwa chake kina uzito zaidi kwa gramu 7 hivi. Namba 5 ina inchi 38 na ushee. Ile iliyoandikwa P, ya mapigo mafupi, haifiki 36. Seti ya urefu mmoja huvunja mpango huo: fimbo zote, kwa kampuni nyingi, huwa na urefu wa namba 7, kiasi cha inchi 37 na nusu, vichwa vyote vina uzito mmoja, na tofauti hubaki kwenye mwinuko wa uso tu, yaani jinsi uso ulivyolala ili kunyanyua mpira. Unasimama vile vile, mpira unauweka pale pale, mgongo unainama kiasi kile kile. Kwa mtu wa handikapu 12 au 18 (mapigo ya nyongeza anayopewa; yakiwa mengi, uwezo ni mdogo) ambaye mazoezi yake ni dakika chache kabla ya kuanza raundi, hiyo si faida ndogo. Mcheza gofu Mmarekani Bryson DeChambeau ameshinda US Open mara mbili, 2020 na 2024, akitumia aironi za namna hii, na tangu hapo wauzaji wa Kampala wanamtaja kama vile ni mjomba wao. Sawa, lakini kasi ya mkono wa DeChambeau mimi na wewe tutaendelea kuiona kwenye televisheni.

Sasa sikiliza hapa. Katika seti ya urefu mmoja, namba 7 ndiyo fimbo ambayo haikubadilika. Ni namba 7 ile ile uliyonayo kwenye begi lako. Muuzaji anapokukabidhi hiyo ujaribu, hakuonyeshi kitu kipya hata kidogo, na wengine wanajua wanachofanya.

Iliyobadilika ni namba 5. Imepunguzwa kama inchi moja, kwa hiyo kichwa kinafika kwenye mpira kwa kasi ndogo zaidi, huku uso wake umelala kidogo tu. Mpira unatoka chini na hauna nguvu ya kupanda. Kwetu huku tatizo linaongezeka. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna kiwanja Uganda unachoweza kukiita cha pwani. Fort Portal iko juu zaidi, Kabale ndiyo usiseme. Watu hufurahia hewa nyepesi kwa sababu mpira huenda mbali, ila hewa hiyo hiyo haiubebi mpira juu. Mpira uliotoka chini hubaki chini. Januari ardhi ikiwa ngumu, unatua na kukimbia hadi nyuma ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Aprili mvua ikishika, unatua kwenye tope na kukaa hapo hapo. Na kiwanja cha Kigo, ambako ziwa liko jirani, sitaki hata kukumbuka.

Jaribio langu ni hili. Nenda kiwanja cha mazoezi na namba 5 na namba 6. Piga kwa zamu, tano, sita, tano, sita, usipige tano mfululizo mpaka mkono uizoee. Angalia pale mipira inapotua, si pale inaposimama. Kama tano haiipiti sita kwa yadi nane angalau, hiyo tano ni mzigo. Sheria inakuruhusu fimbo 14 tu begini. Kwa nini moja iwe pacha wa nyingine?

Upande wa P hunisumbua kidogo tu. Ni ndefu kuliko uliyoizoea, kwa hiyo itaruka juu na mbali zaidi, utazoea. Weji zako (fimbo za kunyanyua mpira karibu) za bankani kwenye mchanga na za kando ya grini baki nazo za zamani, fupi.

Kwa kipimo hicho cha namba 5, chaguo langu la kwanza ni kampuni ya Cobra, na sitajifanya sina upande. Walianza na King F7 One Length mwaka 2017 na wameendelea toleo baada ya toleo, ndiyo maana zilizotumika zinapatikana. Nunua F9 ya 2019 au SpeedZone ya 2020. Sababu kubwa ni kwamba matoleo hayo yana haibridi, fimbo za kichwa kinene zinazonyanyua mpira kwa urahisi, za urefu huo huo wa namba 7. Unachukua aironi kuanzia 6, haibridi inashika nafasi ya 5, na ugonjwa wa afande umepona bila kubadilisha namna unavyosimama. Matoleo mapya ni mazuri, ila tofauti ya bei na F9 unaweza kuilipia raundi na kedi (mbeba begi) kwa miezi. Zile za Forged Tec ni nzuri kutazama, vichwa vyembamba. Kama handikapu yako imevuka 10, zitazame tu.

Ya pili ni Sterling. Hizi zina urefu wa namba 8, inchi 36 na nusu, na fimbo za chini zimepewa uso mwembamba unaorusha zaidi ili kufidia ufupi huo. Waliotengeneza walilielewa tatizo. Ila hazinunuliwi rafuni: fundi anakupima, anakuundia. Kama una ndugu Uingereza au Marekani na subira, nakuunga mkono. Usipokuwa navyo, rudi kwa Cobra.

Za bei nafuu kuna Pinhawk, vichwa vitupu unavyomtafutia fundi wa kutia shafti, ule mti wa fimbo. Kwa anayetaka kuonja tu, si mbaya. Na mtu akikuletea Tommy Armour EQL za miaka ya 1980, mpe pole.

Bado kuna lililonipandisha hasira. Umeingia mtindo mjini wa kuchukua seti ya kawaida, ndefu zikakatwa, fupi zikaungwa kijiti ndani ya shafti chini ya gripi, zote zikalingana, kisha unaambiwa, "Nnyabo, hii ni orijino ya urefu mmoja." Urefu ni mmoja kweli. Vichwa ni vile vile vya zamani, na kati ya namba 5 na P kuna tofauti ya gramu 35 hivi. Tano huisikii mkononi, P inakuvuta bega.

Kedi mmoja wa kiwanja cha Kitante, Kampala, alinionyesha namna ya kuwakamata, kwa uzi wa kushonea. Laza kila fimbo juu ya kidole kimoja mpaka itulie bila kuinama upande wowote, kisha funga uzi hapo hapo. Zisimamishe zote ukutani, vichwa sakafuni. "Mama, tazama nyuzi," akaniambia. Kwenye seti halali nyuzi zilikaa mstari mmoja. Kwenye ile ya kuunga, uzi ulishuka hatua kwa hatua, na wa P ulikuwa chini kuliko zote, karibu na kichwa. Usilipe kabla ya uzi.

Bei nayo ina ngonjera zake. Ni kweli ushuru wa forodha upo na VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Lakini seti iliyotumika, iliyoingia ndani ya begi la msafiri kutoka Dubai, inauzwa na hadithi ya kodi ile ile kama ya kontena zima. Omba stakabadhi ya forodha. Ikikosekana, basi na hiyo kodi itoke kwenye bei.

Kwa wanawake wenzangu: seti za kike huwa fupi kwa kama inchi moja, na huku ni nadra kuonekana. Muuzaji atakwambia, "Tunakukatia ya kiume." Ukikata inchi, kichwa kinakuwa chepesi mkononi, na shafti inabaki ngumu ya kiume. Kubali tu kama fundi ana uzito wa kuongeza kwenye kila kichwa na shafti laini za kubadilisha, na bei ya kazi hiyo itajwe kabla hajashika msumeno.