Matembezi ya Mama Grace Onyango, Kisumu: nyota nne

Nililipa shilingi 800 kwa M-Pesa kwa vijana wanaotembeza wageni mjini wakisimulia maisha ya Mama Grace Onyango. Bei sina ugomvi nayo, ingawa maji unajinunulia, na jua la Kisumu likifika saa tano halina mswalie Mtume. Chagueni zamu ya asubuhi.

Kijana aliyetuongoza siasa anaijua. Utamu wote uko kwenye lango la "Russia", ile hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Kenyatta alikuja kuifungua Oktoba 1969, pakatokea vurugu, wananchi wakapigwa risasi. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ikapigwa marufuku, naye Jaramogi akatiwa kizuizini. Desemba hiyohiyo, matanga hayajaanuliwa vizuri, Mama Grace, ambaye alikwisha kuwa mwanamke wa kwanza nchini kuvaa mkufu wa meya, akagombea ubunge akashinda. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa bungeni Kenya kabla yake. Haya tuliyakariri zamani kwa ajili ya mtihani tu; kuyasikia palepale barabarani, boda zikikupigia honi, ni habari nyingine.

Ila ualimu wake ulipita kama matatu iliyojaa. "Alikuwa mwalimu, kisha akaingia baraza la mji." Basi! Mimi nimeshika chaki hadi nikastaafu, hapo sikukubali. Mtu aliyezoea kutuliza darasa lililofurika hababaishwi na madiwani wanaogonga meza. Na ni huyohuyo aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika kwa muda, akiwaamuru wanaume wakae chini. Alijifunzia wapi kama si mbele ya ubao? Nilipomwambia hivyo kijana alicheka, "Mwalimu, hapo umenishika," akaandika kwenye simu yake. Namsifu kwa hilo; waongozaji wengine hununa.

Ukumbi wa jamii wenye jina la Mama tuliuona kwa nje tu, ndani kulikuwa na harusi. Hakuna ubaya, kumbi ni za kutumika.

Mkija na wanafunzi, ombeni mwanzie Russia watoto wakiwa bado na nguvu. Na viatu viwe vya kutembelea, si vile vya kanisani nilivyovaa mimi.