S&S au Break-Away kwenye barabara mbovu?

Viungio vya S&S huunganisha vipande viwili vya fremu ya baiskeli ya safari inayogawanyika; vina meno yanayoumana, yakibanwa na nati kubwa ya chuma cha pua. Kwenye mawe, mtikisiko unaweza kuilegeza nati hiyo, basi ijaribu kila asubuhi kwa spana yake maalumu. Ukiisahau nyumbani, usitegemee fundi wa kijijini kuwa nayo. Kabla ya kufunga, futa mchanga kwenye meno na uzi wa nati, kisha paka grisi.

Break-Away, fremu ya kugawanyika ya kampuni ya Ritchey, ni nyepesi na hufungwa kwa spana ya L tu. Lakini nguzo ya kiti ndiyo inayoshikanisha fremu kwa juu, na chini kuna kibano chembamba chenye bolti ndogo. Ukiikaza kwa hasira, utaiharibu. Kwa vumbi la Turkana, ningechukua S&S.