Mafuta ya kutengenezea vipodozi nyumbani: Tanga ununue yapi kwanza?

Ukitaka kujitengenezea mafuta ya kupaka, singo (mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili) au sabuni ya kuogea, pesa yako nyingi iende kwenye mafuta yenyewe. Niliwahi kumwandalia mpwa wangu singo ya harusi kwa mafuta niliyoyanunua haraka haraka. Wiki mbili baadaye yalikuwa yamechacha, na karafuu zote nilizotia hazikuificha ile harufu. Tangu hapo, nikiingia sokoni Mgandini au Ngamiani nanunua kwa mpangilio huu.

1. Mafuta ya nazi ya tui

Haya hayana mpinzani, na sisi tuna bahati ya kuishi jirani na minazi ya Pangani. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ndiyo maana sabuni yake hutoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Tatizo ni kuchanganywa. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwa joto letu kuyakuta majimaji mezani si kasoro. Nunua kichupa kidogo kwanza, kiweke kwenye friji. Yakiganda yote yakawa meupe, ni dalili njema. Likibaki tabaka la majimaji, yametiwa mafuta mengine. Kisha pasha vijiko viwili kwenye sufuria kavu: yakitatarika, yana maji ndani, na hayatakaa. Muulize mama anayeuza, "Umeyapika lini?" Anayepika mwenyewe hujibu papo hapo.

Ya mbata (nazi iliyokaushwa) ni nafuu na yanatosha kwa sabuni. Usoni siyapaki, harufu yake nzito.

2. Mafuta ya ufuta

Ufuta mwingi hutoka Lindi na Mtwara. Mafuta yake yana kinga ya asili dhidi ya kuchacha, hivyo ndiyo ninayochanganyia singo: liwa (unga wa mti unaonukia), karafuu za kusaga na manjano kidogo tu, maana manjano hayatoki kwenye kanga. Chukua yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu.

3. Siagi ya shea

Ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Kwa visigino vilivyopasuka ni nzuri sana. Nimeishusha hapa kwa sababu ya bei tu.

4. Alizeti

Mepesi, yapo kila duka. Huchacha mapema, kwa hiyo tengeneza ya wiki chache.

Kwa mafuta ya mgando, tia sehemu 1 ya nta ya nyuki kwa sehemu 4 za mafuta, kwa uzito. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, basi bakuli likae juu ya maji ya moto, lisiguse moto wenyewe.

Anayetaka sabuni anunue mizani ya gramu kabla ya kitu kingine chochote. Gramu 500 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 91 hivi za kostiki soda ili zote zigeuke sabuni, lakini sabuni hiyo hukausha ngozi. Mimi natia 73, na gramu 170 za maji, mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya mwili. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki kamwe. Vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali, na sufuria ya alumini usiiguse, kostiki huila. Magadi ya kupikia maharage hayawezi kushika nafasi yake. Ikate kesho yake, kisha iache ikauke wiki 4 au zaidi.

Mkorogo sikuupa nafasi yoyote. Hidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini, na zebaki huharibu figo. Muuzaji akikuongezea kikopo kisicho na lebo "ili ung'ae", mrudishie pale pale.